Naomba ushauri: bei ya kofia za fedora za zamani

Wakuu, habari zenu. Babu ametuachia fedora saba na nimepewa kazi ya kuziuza. Sitaki kulaliwa, wala kumbambikia mtu bei.

Inayoniumiza kichwa ni moja ya kijivu ya kampuni ya Stetson. Ukanda wa ngozi wa ndani bado laini, una chapa ya dhahabu iliyofifia, na nyuma yake kuna kikaratasi cha saizi. Felti, yaani kitambaa chenyewe cha kofia, ukiikunja inarudi yenyewe, nadhani ni ya manyoya ya mnyama biva au sungura, si sufu. Tatizo, karibu na utepe nondo wametoboa vitundu viwili, vidogo kama kichwa cha pini. Hivyo vinashusha bei kiasi gani?

Pia imegongwa 3X, alama ya ubora wa felti. Nimesoma kwamba kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake vya X na vilibadilika miaka ikienda, sasa sijui niitegemee au niipuuze. Kuna na moja ya kampuni ya Borsalino, ila ngozi yake imekauka hadi inakatika. Nibadilishe au niiache ya asili?

Na mnaangalia bei zinazotangazwa, au zile ambazo kofia ziliuzwa kweli?