Mrejesho: kipato cha mume wangu hakikufika, mdhamini wa pili ndiye aliyetufaa

Habari zenu. Niliuliza hapa tufanyeje: mume wangu, raia wa Marekani, ananiombea makazi ya kudumu, lakini mshahara wake haukufika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini inayodaiwa kwenye fomu I-864, ile ya mdhamini kuahidi serikali ya Marekani kwamba atanitunza kifedha. Asanteni sana kwa majibu.

Tulianza na ushauri wa kutumia mali, maana kwa mke wa raia inatosha ikifika mara 3 ya pengo kati ya kipato chake na kile kinachodaiwa. Tukakwama. Shamba la Ahero bado lina jina la marehemu baba kwenye hatimiliki, kwa hivyo si langu kuuza.

Kilichofaulu ni mdhamini wa pili, yaani mtu mwingine anayetoa ahadi hiyo pamoja na mume wangu. Shemeji yangu anaishi Marekani, na kipato chake peke yake kilitosha watu wa nyumbani mwake pamoja nami. Mara ya kwanza karatasi zilirudishwa kwa sababu hakuambatisha uthibitisho wa uraia. Niliisoma barua pepe ya kutueleza hivyo nikiwa saiba pale Kondele, machozi yakanitoka mbele ya watu. Akatuma nakala ya pasipoti, zikakubaliwa.

Sasa nangoja tarehe ya mahojiano Nairobi. Dada uliyesema tuombe rekodi za kodi kutoka IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) mapema, Mungu akubariki.