Mzee wa kanisa kapokea sadaka ya mwanangu, halafu kasema "mtoe nje"!!!

Mwali wa Ruvu

Wakuu ndio naingia kutoka kanisani sasa hivi, hata kitenge sijavua, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukana mnisamehe.

Yule mzee mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa tai pana kama taulo la kuogea, anasimama mlango wa katikati utadhani funguo za mbinguni kakabidhiwa yeye na Petro kabaki kuwa msaidizi wake. Akikohoa kabla ya matangazo njiwa wote wa darini wanahama mtaa. Huyo huyo.

Mwanangu ana miaka tisa, ana usonji. Tunakaa benchi la tatu kutoka nyuma, pembeni, karibu na mlango, nimechagua pale mwenyewe ili spika zikimzidi tutoke taratibu bila kumsumbua mtu. Maneno yake yanahesabika, lakini neno lake kubwa kuliko yote ni "tena". Ukimpa chungwa, tena. Ukimsukuma kwenye bembea, tena. Akilipenda jambo lolote duniani basi ni tena.

Sasa kila Jumapili nampa sarafu ya mia tano ya sadaka. Hiyo sarafu anaibana kiganjani kuanzia nyumbani, kwenye daladala haachii, kuna siku konda alidhani ni nauli akanyoosha mkono kuichukua, tukashushwa kituo kisicho chetu kwa vile mtoto alivyolia. Anaibana mpaka yule nyati wa kwenye sarafu anabaki kwenye ngozi. Nimemfundisha miezi na miezi kusubiri zamu ya benchi letu, kusimama, kwenda, kutumbukiza, kurudi. Miezi!! Na leo kafanya yote mwenyewe. Kasimama mwenyewe, kaenda mwenyewe, katumbukiza, sarafu ikagonga mbao ko! na yeye akaruka juu akapiga makofi akasema TENA! TENA! Mara mbili wakuu. Sio ishirini. Na kwaya ilikuwa inaimba wakati huo, spika kubwa kama makabati zinanguruma mpaka meno yanacheza.

Mzee ndiye alikuwa kashika sanduku. Akainama, nikajua anataka kumshika mtoto kichwa, nikaanza hata kutabasamu. Akaniambia, "Mama, mtoe nje huyo, hapa si hospitali."

Sanduku liko mkononi mwake!! Mia tano ya mtoto imo ndani, haijamaliza hata kutulia. Yaani hela imeingia, mwenye hela atoke.

Na hakunong'ona. Mama wa mbele yetu kageuka, wale vijana wa kwaya wamegeuka, mtoto wa watu anacheka tu anajua mzee kafurahi naye. Alikuwa bado kafungua kiganja anataka nyingine.

Kelele? Kelele gani? Mwezi uliopita jogoo wa mnada kaletwa mpaka mbele ya madhabahu kafungwa miguu, kawika katikati ya sala, watu wamecheka na mzee huyo huyo kacheka mpaka tai imehama bega. Jogoo hakuambiwa hapa si hospitali. Simu zinalia humo ndani nyimbo za harusi. Kuna mtu anakoroma kila Jumapili kama mashine ya kusaga, tunamjua na tunamvumilia. Ila mtoto aliyefurahi kumtolea Mungu, huyo ndiye kelele.

Bartimayo pale Yeriko walimwambia nyamaza, akazidi kupaza sauti, na Yesu akasimama. Alisimama! Akasema mwiteni. Hakumtuma mzee wa kanisa akamtoe nje.

Tumekaa chini ya mwembe mpaka mwisho wa ibada, mtoto kang'ang'ania dirisha anachungulia sanduku linapita. Tena, mama. Tena. Nitamweleza nini mimi.

Kapokea kwanza. Ndio kasema atoke. Kapokea KWANZA.

---

Kisiki Mvule: Nimewahi siti ya mbele, leteni kahawa

Mchele wa Kyela: Pole dada. Halafu huyo mzee mbona yupo kwetu huku Mbeya? Tai pana, mlango wa katikati, kikohozi, ni yeye kabisa

Embe Dodo: Acheni uongo huyo yupo Tabora, mwaka jana alimtoa bibi yangu kwa sababu ya kifua

Mfupa wa Kambale: Kwetu Moshi yupo na ni mweka hazina pia. Atakuwa anapanda basi la usiku

Dafu Baridi: Mkuu umeandika kwa hasira mpaka koma zimekimbia. Nimesoma juu na chini, katikati nimemwachia Mungu

Mwali wa Ruvu: Dafu Baridi katikati ndiko kuliko na sadaka. Rudi ukasome. Kapokea KWANZA. Na mimi ni mwanamke, sio mkuu.

Ngazi ya Mbinguni: Dada bila kukukwaza, mambo ya kuruka na kupiga kelele ibadani mara nyingi ni roho. Mpeleke maombi ya siku saba ukiwa umefunga. Nimeona wengi wakifunguliwa

Mwali wa Ruvu: Roho gani huyo anayefurahia kutoa sadaka?? Nitajie pepo mmoja tu anayependa kutoa sadaka. Usonji sio pepo, mtoto kazaliwa ubongo wake unapokea mambo kwa namna yake, sauti tunazoziona za kawaida kwake ni kama amewekewa honi sikioni. Nilifunga siku ishirini na moja akiwa na miaka mitatu kwa ushauri wa watu kama wewe. Nilichopata ni vidonda vya tumbo. Aliyenisaidia ni mwalimu aliyenionyesha jinsi ya kumwandaa kwa picha.

Kisiki Mvule: Ngazi ya Mbinguni shuka taratibu, ngazi ina utelezi

Shambani Lushoto: Mama pole sana. Huku kwetu Irente Walutheri wana shule ya watoto wenye usonji na ulemavu wa akili, Irente Rainbow, na ipo ya wasioona pia. Kwa hiyo msiseme makanisa hayajui. Yanajua, ila ukitoka kwenye shule ukaingia kwenye ibada unakuta mtu mwingine kabisa mlangoni

Mwali wa Ruvu: Mlangoni na sanduku mkononi.

Kipepeo Mweusi: Mimi wangu ana mtindio wa ubongo, ana miaka kumi na mbili na kilo zake. Kanisani kwetu ngazi kumi na nne mpaka mlangoni, nimezihesabu kwa mgongo wangu kila Jumapili. Kigari chake kinabaki chini kwa wauza karanga. Mwaka huu tumechangishwa vigae vya madhabahu, mwaka juzi mnara. Nikaomba tu wamwage zege kidogo pembeni kigari kipite, nikaambiwa tutaliweka kwenye mpango. Nyie wa kutolewa nje angalau mliingia

Mwali wa Ruvu: Mama mwenzangu nakuelewa, ila wangu kaingia, katoa, ndio katolewa.

Kipepeo Mweusi: Na wangu mgongo umeisha dada. Tusishindane.

Mikono Inaongea: Mimi ni kiziwi. Niko kanisani toka nabatizwa. Hakuna aliyewahi kunitoa nje na hakuna aliyewahi kuniambia mchungaji amesema nini. Watu wakisimama nasimama, wakikaa nakaa, wakilia naangalia chini. Mama yangu alikuwa ananiandikia mahubiri kwenye kijidaftari, toka amefariki sijui hata Jumapili ni ya nini. Mkalimani wa lugha ya alama mmoja tu, ibada moja kwa mwezi, nimeomba miaka minne

Embe Dodo: Hii imenigusa jamani

Dafu Baridi: Hii nimesoma mpaka katikati

Tausi wa Ikulu Ndogo: Niseme ukweli mnipige mawe. Sisi wengine tunafanya kazi siku sita, Jumapili ndio siku pekee ya kutulia na Mungu wetu. Mtoto akipiga kelele mahubiri yote yanaruka. Si wangetengewa chumba chao cha vioo?

Mwali wa Ruvu: Chumba cha vioo kama samaki? Na mimi nafanya kazi siku sita, na usiku naamka mara tatu. Na hayakuwa mahubiri, ilikuwa ni sadaka, kwaya inaimba, wewe mwenyewe ulikuwa unatafuta chenji kwenye pochi.

Mfupa wa Kambale: Chenji kwenye pochi 😂😂 Tausi kakamatwa

Ticha wa Watoto: Mimi nafundisha sande skuli. Tuna watoto kama sitini, walimu wawili na mwenzangu anajiandaa kuolewa. Mwaka jana nilipata mtoto wa usonji, wiki tatu za kwanza nililia chooni. Baadaye nikachora kwenye boksi la biskuti picha za ibada, wimbo, sala, hadithi, chai, kwenda nyumbani, tukimaliza kimoja anakifunika na jani. Akatulia kabisa. Tukaacha na kupiga ngoma karibu naye. Basi. Haikuhitaji kamati. Ila niliponyanyua mkono kwenye kikao wazee wajue hiyo habari ya picha, mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda ya mnada

Mwali wa Ruvu: Ticha Mungu akubariki. Wangu naye natumia picha, ya sadaka nilimchorea mkono na duara. Leo picha zote kazifuata sawasawa. Picha ya kutolewa nje sikuwa nayo.

Mchele wa Kyela: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo toka 2010 mama, haki ya kushiriki imo. Peleka barua

Kisiki Mvule: Umpeleke mzee wa kanisa mahakamani? Atakohoa hakimu ahamie mtaa mwingine

Mfupa wa Kambale: Ngoja kwanza hapo kwenye ajenda ya mnada. Hivi ni kwetu tu au na kwenu mnada unachukua muda kuliko mahubiri? Jumapili iliyopita ndizi mkungu mmoja umezungushwa dakika arobaini

Embe Dodo: Kwetu miwa mitatu elfu thelathini. Miwa! Na aliyeshinda karudisha inadiwe tena, kaja mwingine karudisha tena, tumetoka saa nane njaa inauma

Mchele wa Kyela: Na matangazo je. Tangazo la ndoa moja linasomwa na watu watatu

Tausi wa Ikulu Ndogo: Mimi shida yangu ni bahasha. Ya ahadi, ya shukrani, ya jengo, ya mavuno, ya kumuaga mchungaji, ya kumpokea mchungaji. Mkoba wangu umekuwa posta

Mfupa wa Kambale: Tausi hapo nakuunga mkono, nakusamehe ya vioo

Dafu Baridi: Spika mmeziongelea? Kwetu mpiga kinanda anacheza kama anafukuzwa na nyuki

Mwali wa Ruvu: Jamani uzi wangu.

Kipepeo Mweusi: Mwali njoo PM. Tupo wawili na Mikono Inaongea watatu, na Ticha kama atakubali. Kikao cha robo mwaka ni mwisho wa mwezi, tuandike barua moja, mimi ya zege, wewe ya mlangoni, yeye ya mkalimani. Wasome yote siku moja

Mikono Inaongea: Nipo. Mwandiko wangu ni mzuri

Mwali wa Ruvu: Nakuja. Mtoto kalala, kiganja bado kakifungua. Nimeweka mia tano nyingine chini ya mto wake ya Jumapili ijayo, na tutakaa benchi lile lile.

Kisiki Mvule: Samahani mama mwenye uzi, yule jogoo aliyewika kwenye sala aliuzwa shilingi ngapi?

Embe Dodo: Swali zuri. Kwetu jogoo alifika laki na ishirini, na alikuwa kiroboto mtupu

Mfupa wa Kambale: Laki na ishirini?? Leteni picha ya huyo jogoo