Naomba ushauri: shimo limenyonywa wiki tatu tu, limejaa tena

Habari zenu wakuu. Nyumbani tuko watu sita, tuna shimo la septiki la vyumba viwili, maji yake yanaenda kwenye shimo la kufyonza, yaani lile linaloyaachia yanywee ardhini. Lilinyonywa wiki tatu zilizopita. Najua kurudi kujaa hadi usawa wa bomba la kutokea ni kawaida, lakini sasa maji yamelipita hilo bomba, na siku za kufua choo kinashuka kwa shida. Chemba zote za ukaguzi kwenye njia ya bomba nimezifungua, hazijaziba. Mvua hakuna. Harufu imeanza kuingia ndani na nina watoto wadogo, inaniumiza sana kichwa.

Nitahakikishaje kwamba shimo la kufyonza ndilo limeziba kwa tope? Na je, linazibuka, au nichimbe jipya?