Cheni ya baiskeli na mchanga wa Dar: unaisafishaje, unapaka nini? Tupeane uzoefu

Pedeli Tabata
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita kwa fundi mmoja nikamkuta anamimina oili chafu juu ya cheni iliyojaa mchanga, huku anazungusha pedeli kwa mkono. Ile sauti ya kusagika imenikera mpaka sasa. Mwenye baiskeli kasimama pembeni, akashukuru, akalipa, akaondoka. Amelipia kuuliwa cheni.

Watu wanasema cheni "imevutika". Cheni haivutiki. Zile pini za ndani ndizo zinazoliwa kidogo kidogo, kila kiungo kinapata nafasi, na viungo viko zaidi ya mia, kwa hiyo cheni nzima inakuwa ndefu. Ikishakuwa ndefu haikai tena sawasawa kwenye meno ya sproketi, inaanza kuyala nayo. Na mchanga ukichanganyika na oili ni msasa kabisa, unafanya kazi kila unapokanyaga.

Mimi naosha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, nafuta mpaka tambara litoke safi, naacha ikauke. Ndipo natia mafuta ya cherehani, tone moja moja kila kiungo, nazungusha, halafu nafuta yote yaliyobaki juu. Mafuta yanatakiwa ndani kwenye pini. Ya nje yanakusanya vumbi tu.

Nyie wenzangu mnafanyaje? Wa Kigamboni mnaopigwa na chumvi ya bahari, wa Mbagala, wa Goba kwenye milima, semeni.

Mtoto wa Charambe
Barabara za ndani huku kwetu ni mchanga mtupu. Nimekaa hapa najifunza.

Guta la Kariakoo
Mkuu umenikumbusha kitu ambacho sipendi kukikumbuka. Naendesha guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Siku hiyo nilipakia magunia ya mchele Kariakoo napeleka Magomeni. Cheni ilianza kulalamika tangu asubuhi, nikikanyaga kwa nguvu inaruka jino. Nilishamwambia tajiri, mwenye guta, zaidi ya mara moja kwamba cheni imekwisha. Jibu lake lile lile: weka oili, leta hesabu.

Jangwani nikavuka vizuri. Pale panapoanza kupanda nikasimama kwenye pedeli, uzito wote mguu wa kulia. Cheni ikakatika. Wanaoendesha guta wanajua, mguu unashuka na hakuna cha kuupokea. Nikaangukia usukani kwa kifua, pumzi ikakata. Kabla sijakaa sawa guta limeshaanza kurudi nyuma na mzigo wake. Breki ya kuvuta kwa mkono, kwa uzito ule, haikushika chochote. Nyuma yangu bodaboda na bajaji, honi juu ya honi. Nikaruka chini nikalizuia kwa mgongo, linanisukuma, ndala zinateleza kwenye lami, nasikia watu wanapiga kelele "liache! liache ujiokoe!" Nitaliachaje? Nyuma kuna watu.

Walioniokoa ni jamaa wawili wa mkokoteni. Mmoja alitia jiwe chini ya tairi, mwingine akakata usukani mpaka likaegemea ukingo wa barabara. Gunia moja likapasuka, mchele ukamwagika wote.

Ule mchele nilikatwa mimi. Cheni mpya tajiri akanunua jioni hiyo hiyo, na bei yake haikufika nusu ya lile gunia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama Wawili Kimara
Pole sana mwanangu. Mungu alikuona siku hiyo.

Mwenye Maguta
Pole kijana, lakini msituweke wote kapu moja. Mimi nina maguta na cheni nanunua. Shida vijana wengi hawalifuti hata na tambara. Guta linalala nje, linanyeshewa, asubuhi mtu anapanda na kutu yake anaondoka. Cheni ambayo ingekaa inakufa mapema, halafu lawama kwa tajiri.

Guta la Kariakoo
Mzee, kwa heshima, muda wa kuosha cheni ni upi? Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi usiku, na hesabu haipungui. Nipunguzie hesabu siku moja kwa wiki, cheni utaikuta inang'aa.

Mwenye Maguta
Hilo tunaweza kuongea. Ila tambara ni dakika tano tu, wakati unasubiri mzigo.

Mtoto wa Charambe
Wote wawili mna hoja.

Mzee wa Phoenix
Vijana mnakuza mambo. Baiskeli yangu ya Phoenix haijui mafuta ya cherehani wala nini. Natia oili chafu ya gereji, miaka inakwenda, cheni ipo na mimi nipo.

Pedeli Tabata
Shikamoo mzee wangu. Naomba kuuliza, hiyo Phoenix bado ina lile kava la bati linalofunika cheni?

Mzee wa Phoenix
Marahaba. Lipo, sijawahi kulitoa.

Pedeli Tabata
Basi mzee, kava ndilo lililokutunzia cheni. Mchanga haufiki ndani. Oili chafu imetoka kwenye injini ikiwa na masizi na vumbi la chuma, ndiyo maana ni nyeusi. Kwa cheni iliyo wazi ni kuiongezea uchafu juu ya uchafu.

Dada wa Mtumba Japani
Naunga mkono hoja ya kava. Hizi baiskeli za mtumba kutoka Japani zinakuja na kava, tena nyingine linafunika cheni yote. Mafundi wa mjini wakishalifungua kurekebisha kitu kidogo hawalirudishi, wanasema linapiga kelele. Mimi nilisimama pale pale mpaka likarudi. Navaa dera, navaa baibui, nani atanifulia oili kila siku? Dada zangu, fundi akikwambia kava halina kazi, mwambie alirudishe. Na doa likishaingia, usianze na maji. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kitambaa kikavu, sugua, iache kidogo ndipo ufue.

Nta Kigamboni
Mimi nimeacha mafuta kabisa, natumia nta. Nilichoka na chumvi na mchanga kushikana kwenye cheni. Naeleza kwa urefu maana wengi wanafanya nusu halafu wanasema nta ni uongo.

Kwanza, cheni lazima iwe haina mafuta hata chembe. Hata mpya, ile grisi ya kiwandani inatakiwa itoke yote. Naitoa kwenye baiskeli, naitia kwenye chupa pana na mafuta ya taa, natikisa, namwaga, natia mengine, mpaka yabaki meupe. Halafu, na hapa ndipo watu wanaporuka, nasuuza kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya taa yanaacha utando wake na nta haishiki juu ya utando. Naianika ikauke.

Nta natumia parafini, ile nyeupe inayotengenezewa mishumaa. Sufuria ndogo yenye nta inakaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, ndiyo inakaa jikoni. Maji hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo nta haiwezi kuungua. Kuiweka nta moja kwa moja juu ya moto ni hatari, ikizidi joto inatoa mvuke unaowaka. Ikishayeyuka na kuwa nyepesi na ya moto kweli, nazamisha cheni kwa waya. Mapovu yatatoka, hiyo ni hewa inayotoka ndani ya viungo na nta inaingia. Yakiisha naacha kidogo, naitoa, naitundika. Ikipoa inakuwa ngumu, unakunja kiungo kimoja kimoja mpaka ilegee. Siku za mwanzo inadondosha vipande vyeupe, usiogope.

Faida yake, ukiishika mkono hauchafuki. Vumbi haligandi, linadondoka. Kwenye barabara kavu inakwenda kilomita 300 hivi kabla ya kurudia, na kurudia ni rahisi, unafuta, unazamisha tena. Na kwa sababu pini haziliwi haraka, sproketi nazo zinadumu.

Mtoto wa Charambe
Kazi hii ni ya mtu mwenye baiskeli mbili na jiko la ziada.

Nta Kigamboni
Jiko moja tu ndugu yangu. Ila sufuria uiweke mbali na za chakula, mke wangu aliniwekea sharti hilo na ana haki.

Fundi Temeke
Mimi ni fundi, mnaongea sana. Mafuta ya taa yanachelewesha. Petroli inaosha cheni dakika mbili.

Jirani wa Buguruni
Kaka, nimesoma neno petroli nikasisimka mwili. Kwetu kuna fundi alikuwa anakaa chini ya mwembe, kijana wake anaosha cheni kwenye kidumu kilichokatwa. Petroli ndani. Hatua chache pembeni, mama mmoja na jiko lake la mkaa anapika chapati, kama siku zote. Hakuna aliyewasha kiberiti. Hakuna aliyevuta sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, haupandi juu. Ulitambaa mpaka kwenye jiko.

Nilikuwa nimekaa kibarazani. Niliona moto unakimbia ardhini kutoka kwenye jiko KWENDA kwa kijana. Alikuwa ameshika cheni, mikono imelowa petroli mpaka kwenye viwiko. Mikono yote miwili ikawaka. Akasimama, akaanza kukimbia, na kukimbia ndiko kunakochochea moto. Mama wa chapati ndiye aliyekuwa na akili. Alivua kitenge chake akamkumbatia nacho, akamlaza chini, watu wakamwagia mchanga kile kidumu. Mwingine alikuja na ndoo ya maji anataka kuimwaga kwenye petroli, wakamzuia, moto ungesambaa na maji.

Yule kijana alikuwa mdogo sana, anajifunza kazi.

Mama Wawili Kimara
Ya Rabi! Akapona?

Jirani wa Buguruni
Alipona, alilazwa muda mrefu. Ngozi ya mikono imekunjamana, vidole viwili havikunjuki vizuri. Ufundi ameacha.

Dada wa Mtumba Japani
Na mama naye?

Jirani wa Buguruni
Aliungua kiganja kidogo. Bado anapika, ila jiko amelihamisha.

Fundi Temeke
Mama naye kwa nini aweke jiko karibu na gereji?

Dada wa Mtumba Japani
Kaka usianze! Mama alikuwa na jiko lake mahali pake kila siku. Mwenye petroli ndiye wa kuangalia moto uko wapi. Halafu huyo mama ndiye aliyemwokoa, unamlaumu vipi?

Fundi Temeke
Sijamlaumu, nimeuliza.

Mzee wa Phoenix
Petroli ni ya gari. Hata sisi wa oili chafu hatujafika huko.

Pedeli Tabata
Pole kwa huyo kijana, na asante kwa kutuambia, jirani. Wakuu, petroli tuiache kabisa. Na spiriti aliyoitaja ndugu wa Kigamboni inashika moto vilevile, isuuziwe nje, cheni ikauke kabisa, ndipo jiko liwashwe. Turudi kwenye cheni.

Baiskeli na Kazi
Hivi hakuna aliyeitaja WD-40, ile ya kopo la kupuliza? Mimi napuliza hiyo tu, kutu yote inatoka.

Nta Kigamboni
Hiyo ilitengenezwa Marekani 1953 kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Inafaa kulegeza uchafu. Ukiishia hapo, ile ni nyepesi, inakauka, pini zinabaki hazina kitu. Puliza, futa, halafu utie mafuta yenyewe.

Baiskeli na Kazi
Mbona yangu haijafa?

Fundi Temeke
Ilete niipime.

Mwalimu wa Fizikia
Nimesoma yote. Niongeze jambo moja kwa wanaobishana mafuta gani yanafanya baiskeli iwe nyepesi. Mwaka 1999 James Spicer wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alipima nguvu inayopotea kwenye cheni. Cheni ilipokuwa katika hali nzuri, ilifikisha mpaka asilimia 98.6 ya nguvu ya mguu kwenye gurudumu. Na alipobadilisha vilainishi, tofauti haikuwa ya maana. Lakini ile ilikuwa maabara, cheni safi, hakuna mchanga wa Mbagala. Hoja aliyoitoa ni kwamba kazi kubwa ya kilainishi ni kujaza nafasi ili uchafu usipate pa kuingia. Kwa hiyo nta, mafuta ya cherehani, vyote sawa, mradi cheni ilisafishwa kwanza.

Na msipime kwa macho. Chukueni futi yenye inchi. Kutoka katikati ya pini moja, hesabuni inchi 12 kamili. Cheni mpya inaangukia pini katikati kabisa, maana kila hatua ni nusu inchi. Marehemu Sheldon Brown, fundi maarufu wa baiskeli wa Marekani, alifundisha hivi: pini ikipita alama kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, kama milimita moja na nusu, badili cheni, sproketi bado nzima. Ikipita sehemu moja ya nane, umechelewa, na sproketi zimekwisha. Cheni mpya juu ya sproketi zilizoliwa itaruka tu.

Guta la Kariakoo
Kumbe ndiyo maana! Yule tajiri alibadili cheni tu, na ile mpya iliendelea kuruka.

Mwenye Maguta
Futi ninayo dukani. Kesho napima yote.

Fundi Temeke
Na wenye cheni za giya moja, ile klipu ya kiungo cha kuungia cheni: upande uliofungwa uelekee mbele, cheni inakokwenda. Ikikaa kinyume inaweza kuchomoka. Nakutana nazo mara nyingi, mtu kajifungia mwenyewe.

Mama Wawili Kimara
Fundi, hilo umesaidia. Nitamwambia mwanangu.

Mtoto wa Charambe
Swali kwa Nta Kigamboni. Huku kwetu nta ya nyuki ipo kwa wauza asali wa Tabora. Inafaa?

Nta Kigamboni
Peke yake inanata, vumbi litaganda. Tafuta parafini.

Mtoto wa Charambe
Na masika?

Nta Kigamboni
Masika nta haikulindi vizuri, maji yanaingia na kutu inaanza usiku huo huo. Machi mpaka Mei mimi natumia mafuta mazito kidogo, na kila nikinyeshewa nafuta cheni kabla ya kulala. Mvua zikikatika naosha yote kwa mafuta ya taa, nasuuza, narudi kwenye nta.