Mausi imegoma na kazi haijahifadhiwa

Shangazi Zuhura: Jamani, mausi imekata. Mshale umeganda katikati ya skrini na ripoti yote sijahifadhi. Asiniambie mtu nizime na kuwasha!

Hamisi: Zima uwashe

Shangazi Zuhura: Kaka!! Si nimesema? 😩

Salim: Shikamoo shangazi. Bonyeza Caps Lock mara mbili tatu. Kitaa chake kinawaka na kuzimika?

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Ndiyo

Salim: Basi mashine iko hai, iliyogoma ni mausi tu. Kabla ya lolote, shika Ctrl ubonyeze S

Shangazi Zuhura: Inadai jina la faili

Salim: Andika lolote, Enter

Shangazi Zuhura: Alhamdulillah. Sasa naweza kupumua

Hamisi: Ndiyo uzime sasa 😂

Nuru: Baba, jamani! Shangazi, ina waya?

Shangazi Zuhura: Haina. Betri mpya, swichi ya chini nimewasha. Ila taa siioni

Salim: Taa isikutishe, mausi nyingine mwanga wake macho hayauoni. Kile kidude chake cha USB, kinachopokea mawimbi ya mausi, kiko wapi?

Shangazi Zuhura: Ubavuni, kimebanana na diski ya nje. Nanakili picha

Salim: Ahaa! USB 3 hiyo, ile ya kasi, bila shaka. Data ikipita pale inamwaga kelele za redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na mausi yako inaongea humo humo. Kidude hakisikii kitu. Kihamishie upande wa pili, diski usiiguse, isije ikaharibu picha

Shangazi Zuhura: Ngoja

Shangazi Zuhura: Mshale unatembeaaa 💃

Hamisi: Na mshale ungekataa?

Salim: Windows na X, kisha M, orodha ya vifaa inafunguka. Unashuka kwa vishale vya kibodi hadi kwenye kundi la mausi, kishale cha kulia kulifungua, unashuka kwenye mausi yako, Shift na F10 kufungua menyu, unaifuta. Ukichomoa na kuchomeka tena inatambuliwa upya. Mimi lakini napenda zaidi hii: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, ikiuliza Enter. Namba za pembeni zinageuka mausi: 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia, 5 kubofya

Nuru: Laptopu yangu haina hizo namba 🙄

Salim: Wewe una padi ya kugusa, tulia

Shangazi Zuhura: Kwa hiyo diski niiache hapo hapo?

Salim: Iache, mradi visikae jirani