Stika 500 zinachapwa kesho: nibaki na jina la zamani, la biashara au la mtoto?

Zuu Mtata
Habari zenu wakuu. Kesho asubuhi natakiwa nimpe jamaa wa stika jina la akaunti. Anachapa 500, na akishachapa ndiyo basi tena, hela imekwenda. Nimebaki na matatu:

zuu_mtata96 (ninalo tangu kidato cha tatu)
vionjo_vya_mama_zuu
nasra.foods (Nasra ni mwanangu, hili ni wazo la mume)

Nichukue lipi? Matusi pelekeni nyuzi nyingine.

Namba Nane
Dada, unauza nini? Hizo stika unabandika kwenye chupa au kwenye bodaboda? Akaunti ya mtandao gani? Yaani umetuletea sufuria bila kutuambia kilichomo.

Fundi Redio
La tatu toa kabisa. "Foods" ya nini, wateja wako wanakaa Manchester? Mimi kipimo changu ni simu. Mpigie shangazi yako, mtajie jina mara moja tu, usimrudie. Akilipata, chukua. Sasa hilo: "Nasra, halafu nukta, halafu fuzi." Ataandika nini? Na hilo la pili lina mistari ya chini mitatu. Nani anasema "mstari wa chini" mara tatu kwenye daladala imejaa?

Kipepeo wa Lushoto
Fundi, na "redio" ni Kiswahili cha wapi?

Fundi Redio
Redio ilishaolewa huku, ina watoto na wajukuu. Usinitoe kwenye mada.

Zuu Mtata
Samahanini, nilikuwa jikoni. Nauza achari ya embe, pilipili ya kukaanga na viungo vya pilau. Natengenezea nyumbani, niko Tanga. Instagram nina wafuasi 4,200, TikTok ndiyo naanza, ila oda zote zinaishia WhatsApp. "Mtata" nilipewa shuleni kwa kubishana na mwalimu wa hesabu (na nilikuwa sahihi, jibu lilikuwa 12). Shida ni kwamba wateja wamelizoea. Mtu anakuja mlangoni, "nipe chupa mbili za Mtata." Mama mkwe naye hataki hata kulisikia.

Mgosi Mstaafu
Sasa unatuuliza nini, mwanangu? Wateja wameshakuchagulia. Jina linalouza ni lile ulilopewa na watu. Mwangalie Sugu, yule wa rap: alianza 2-Proud, akaja Mr. II, hili la Sugu ndilo likamganda, na Mbeya wakampeleka bungeni nalo 2010. Joseph Mbilinyi unalikuta kwenye karatasi za serikali tu. Mwana FA naye ni hivyo hivyo, Muheza kwetu hapo nao wakampeleka bungeni. Mtaani ukisema Hamis Mwinjuma, wengine wanauliza ni nani.

Kipepeo wa Lushoto
Mzee, hao ni wasanii. Huyu anauza chakula. Mtata kwenye chupa ya achari mimi naelewa nitaumwa tumbo.

Sijali2009
Hiyo 96 ndiyo ya kutoa, dada. Mimi 2009 ni mwaka niliojiunga mtandaoni, nikaiweka kwa haraka kwa sababu "Sijali" lilikuwa na mwenyewe. Leo kila nikichangia naambiwa "dogo, kasome." Nina miaka 51 na wajukuu wawili.

Namba Nane
Pole babu 😂 Kumbe tunakukosea heshima siku zote.

Zuu, hesabu herufi kwanza. Instagram wanaruhusu 30, TikTok 24, lakini X mwisho 15. "vionjo_vya_mama_zuu" ina 19 pamoja na mistari, kwa hiyo huko X utalikata, uwe na majina mawili. Kingine ni nukta. Kwenye Gmail nukta haina kazi, uiweke usiiweke barua inafika kwako. Instagram sivyo: nasra.foods na nasrafoods ni akaunti mbili, za watu wawili. Mteja akisahau nukta amekwenda kwa jirani.

Chumvi Nyingi
Naomba niongee kidogo maana hili lilinikuta. Nilikuwa nauza viatu vya mtumba, gredi ya kwanza, Kariakoo. Jina langu lilikuwa la utani kama lako, na nilikuwa nimeshachapisha mifuko 600. Rafiki akanishauri nitafute jina la "kiofisi". Nikabadilisha usiku, nikatangaza kwenye status mara moja, nikalala. Sikufikiria kwamba jina la zamani ukiliachia, siku moja linarudi sokoni kama fremu isiyo na mpangaji.

Baada ya kama miezi miwili ananipigia mama mmoja wa Dodoma, anafoka. Katuma 85,000 za pea mbili, wiki ya tatu hajaona kitu. Namwambia mama, sijapokea hela yako. Ananitumia picha: jina langu la zamani, picha zangu, mpaka kidole changu kilichokuwa kinaonekana kwenye picha ya raba nyeupe! Jamaa kalichukua jina, kaweka namba yake ya kupokelea hela. Yule mama alilipata wapi? Kwenye mfuko wangu mwenyewe, dada yake alinunua kwangu mwaka uliotangulia. Ningemwambia nini? Nilimrudishia nusu, nusu tukasameheana. Niliripoti ile akaunti mpaka nikachoka. Mifuko iliyobaki iko chini ya kitanda hadi leo, mke anafungia mkaa.

Ukibadilisha, badilisha kabla ya stika. Ukishachapa, kaa hapo hapo ufie hapo.

Kipepeo wa Lushoto
Pole sana. Kwa Instagram mara nyingi unapewa siku 14 za kurudia jina lako la zamani, zikipita mtu mwingine anaweza kulichukua. TikTok ukibadilisha unasubiri siku 30 ndipo ubadilishe tena. Kwa hiyo usijaribu-jaribu, Zuu.

Mtu Kimya
Mnaongea kama jina ni la kutangazwa tu. Langu nililichagua ili lisiseme kitu. Kosa nililofanya ni kulitumia pia kwenye ukurasa wa kuuza gari, nikaweka na namba ya simu. Kijana wa uhasibu akaunganisha. Jumatatu naingia ofisini nasikia, "Mtu Kimya, shikamoo!" Na humu nilikuwa nimemsema bosi kwa kirefu.

Wewe Zuu fanya kinyume changu. Jina moja kila mahali, hata kule ambako huna mpango wa kupost, lichukue likae.

Mgosi Mstaafu
Halafu mwanangu, TBS, shirika la viwango, umeshapita? Stika ya chakula si jina la Instagram tu. Viambato, tarehe ya kutengeneza, tarehe ya kuisha, vyote vinataka nafasi. Mambo ya chakula yalihamishwa kutoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS mwaka 2019. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Tanga wakuelekeze kabla hujachapa 500 za kutupa.

Fundi Redio
Mzee, kauliza jina, wewe unamletea ukaguzi.

Mgosi Mstaafu
Na akikaguliwa utamlipia wewe?

Namba Nane
Mzee ana hoja. Chapa 50 kwanza.

Zuu Mtata
50 bei yake kwa moja ni karibu mara mbili, ndiyo maana nilikwenda kwenye 500. Ya TBS sijapita, nisiwadanganye. Nimejaribu "mtatavionjo", lina mtu, hajapost chochote, hana hata picha. Wa nini huyu?

Fundi Redio
Weka "achariyamtata". Herufi 13, X inaingia. Hakuna nukta wala mstari. Shangazi ataandika.

Kipepeo wa Lushoto
Na siku akiuza maandazi?

Fundi Redio
Atauza maandazi ya Achari ya Mtata. Watu wananiletea pasi na feni na ninaitwa Fundi Redio.

Sijali2009
Hiyo pilipili chupa shilingi ngapi mpaka Morogoro?

Zuu Mtata
Babu, shikamoo, nicheki pembeni. Jamaa wa stika kanipigia, umeme umekatika kwake, anasema Jumatatu. Angalau nimepata pumzi.

BabaNasra_TZ
Nimejiunga leo. Hilo la Nasra nalitoa, nimeelewa habari ya nukta. Lakini Mtata mimi sikubali. Huyu mtoto mwakani anaanza darasa la kwanza, aitwe "mtoto wa Mtata"?

Fundi Redio
Shem karibu sana. Hiyo TZ mwishoni ni ya nini, kuna Baba Nasra mwingine Kenya?

Zuu Mtata
Wewe! Nani kakuonyesha huu uzi?