Fomu ya mgombea imeletwa robo saa baada ya muda kufungwa, kamati ya uchaguzi tufanyeje?

MamaVitenge

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, hasa kwa mliowahi kusimamia uchaguzi wa bodi kwenye saccos au chama chochote cha ushirika.

Nina kibanda cha vitenge Tandika sokoni, na huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye saccos ya wafanyabiashara wenzangu. Mwezi uliopita wanachama walinichagua kuwa katibu wa kamati ya uchaguzi. Kazi hii niliiomba mwenyewe kwa sababu ya yale niliyoyaona uchaguzi uliopita.

Siku ile tulisaini daftari la mahudhurio watu 143. Karatasi za kura zilikuwa kopi za majina yaliyoandikwa kwa mkono, hazina mhuri, hazina namba, yaani ukiingia steshenari yoyote unatoa nyingine. Sanduku lilipofunguliwa zikahesabiwa karatasi 151. Nilikaa mstari wa pili, nikamwona msimamizi anazirudia mara tatu, jasho linamtiririka, na kila akirudia ni 151. Tukabishana mpaka adhana ya magharibi. Mwisho mtu mmoja akasema tuyamalize kifamilia, na washindi wakatangazwa hivyo hivyo. Wapo wenzetu waliotoa akiba zao baada ya siku ile na hawajarudi mpaka leo.

Kuna jingine ambalo sijalisahau. Mama mmoja muuza dagaa, hajui kusoma wala kuandika, aliomba wino wa mhuri akaweka dole gumba mbele ya wagombea watatu. Karatasi yake ikatupwa kwa kuwa "haina tiki". Alikuwa amekaa palepale anaitazama ikiwekwa pembeni.

Sasa safari hii nafasi ni tatu. Kurudisha fomu mwisho ulikuwa juzi saa kumi jioni, na fomu tano zikawa zimefika. Saa kumi na robo bodaboda ikamshusha wa sita mlangoni, fomu mkononi. Niliipokea, nikaandika saa juu yake, nikamwambia kamati itaamua. Tuko watano: wawili wanasema ipokelewe, wawili wanasema ikataliwe, nimebaki mimi. Na huyu ndugu ndiye aliyekusanya michango kwenye msiba wa mama yangu. Silali.

Halafu bodi iliyopo imetuma ujumbe kwamba majina yapitie kwao kwanza ili "wachuje wasiofaa". Hili nalo lina kanuni?

KondaGMboto

Pole na majukumu dada. Ikatae. Kwenye chama chetu cha madereva na makondakta tulimhurumia mmoja aliyechelewa nusu saa, mwaka uliofuata akaja mwingine amechelewa siku mbili na akatutajia jina la yule wa kwanza. Hatukuwa na la kumjibu. Saa kumi ni saa kumi, hata kwa ndugu yako wa tumbo moja.

MkaguziMstaafu

Dada, umefanya vema kuipokea na kuandika saa. Anayepokea fomu mezani kazi yake ni kupokea na kuandika, si kuhukumu. Ukimrudishia mtu fomu mlangoni, kesho atasema alifika saa kumi kasoro na ukamfukuza, na huna karatasi ya kuonyesha.

Lakini kabla hamjaikataa, nijibu jambo moja: tangazo lenu lilisemaje hasa? Si mlivyokubaliana kikaoni, namaanisha maneno yaliyowafikia wanachama, kila mahali yalipotolewa. Nenda kayasome tena.

Kuhusu bodi, hapo usilegeze hata kidogo. Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, mwenye kauli ya mwisho ndani ya chama ni mkutano mkuu, na bodi inafanya kazi kwa niaba ya wanachama. Kamati yenu inaangalia kama mgombea ametimiza yaliyoandikwa kwenye masharti ya chama, basi. Kama masharti yanataka asiwe na mkopo uliochelewa, mwombeni meneja kwa barua taarifa ya mikopo ya wagombea wote kwa tarehe moja, wakiwemo wajumbe wa bodi wanaotetea nafasi zao. Neno "anafaa" wamwachie mpiga kura. Wajumbe wanaogombea tena hawawezi kuwachuja wanaoshindana nao. Wakiendelea kung'ang'ania, andikeni kwa Afisa Ushirika wa manispaa mapema, msingoje siku ya mkutano.

Na zile karatasi 151 zimeniuma. Kanuni ya mwanachama mmoja kura moja ndiyo ushirika wenyewe. Muungano wa Kimataifa wa Ushirika uliiandika upya kwenye misingi yake saba kule Manchester mwaka 1995, na haijali nani ana hisa nyingi. Kura nane za ziada maana yake kuna waliopiga zaidi ya mara moja mbele ya wenzao, au kuna waliopiga bila kusaini daftari. Siku ile ilikuwa ni kusimama pale pale na kurudia kura kabla watu hawajatawanyika.

Safari hii fanyeni hivi. Karatasi zichapishwe kwa idadi inayojulikana, zigongwe mhuri nyuma, na mhuri akae nao mtu asiyeshika karatasi. Kila anayesaini daftari anapewa moja. Aliyekosea arudishe yake mbele yenu ndipo apewe nyingine. Mwisho wa siku zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki mezani zijumlishwe, jumla iwe ile ile iliyotoka kwa mchapishaji. Hesabu hiyo ifanyike kabla hamjasoma jina hata moja. Mkishasoma majina, kila mtu ataitetea au kuipinga hesabu kufuatana na aliyeshinda.

MamaVitenge

Mzee wangu, shikamoo. Nimerudi kuangalia tangazo na moyo umenipasuka. Kwenye ubao wa ofisini limeandikwa "saa kumi kamili jioni". Kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako wengi ndiko wanakosoma, limeandikwa "mwisho Alhamisi jioni". Na lile la WhatsApp nililituma mimi kwa mkono wangu.

MkaguziMstaafu

Marahaba mwanangu. Basi kosa ni la kamati, na mgombea hawezi kuadhibiwa kwa kosa la kamati. Ila msimpokee yeye peke yake, kwa sababu huenda kuna mwingine aliyesoma ubaoni akaona muda umempita, akaikunja fomu yake akaenda zake nyumbani. Fungueni upya kwa wote, siku na saa moja, maneno yale yale ubaoni na kwenye simu, wajumbe wote wa kamati wasaini. Na kwa kuwa alikusaidia msibani, waambie wenzako hivyo, iandikwe kwenye muhtasari, kisha utoke nje wakiamua.

KondaGMboto

Kama tangazo lilikuwa na ndimi mbili, narudisha nilichosema. Sisi letu lilikuwa moja.

BintiIlala

Mimi nimekwama kwa mama wa dagaa. Baba yangu alipiga kura mwaka 1965, na alitusimulia kwamba wagombea ubunge walipewa alama, mmoja jembe, mwenzake nyumba, ili asiyesoma naye achague. Uchaguzi wa taifa siku hizi karatasi zina picha za wagombea. Saccos ya watu mia na kitu itashindwaje kuweka picha za pasipoti? Mpangilio wa majina kwenye karatasi upangeni kwa kuokota vikaratasi mbele ya wagombea wenyewe, maana wa juu kabisa huokota kura za wenye haraka.

Kuhusu alama, amueni sasa hivi na muandike. Kwetu kikundi cha Buguruni tulisema hivi: nafasi tatu, aliyechagua mmoja au wawili kura yake ni halali, hatumlazimishi kumpa asiyemtaka. Aliyechagua wanne imeharibika yote, kwa sababu hakuna ajuaye ni watatu gani aliowataka. Tiki, msalaba, dole gumba, vyote vinahesabiwa ikiwa vinaonyesha wazi anamtaka nani. Aliyeandika jina lake kwenye karatasi imeharibika, maana hapo siri imekwisha, na aliyenunua kura anaweza kuthibitisha mzigo wake umefika. Asiyeona aje na msaidizi aliyemchagua mwenyewe, asipangiwe na kamati.

Na wakifungana kura nafasi ya tatu, mnarudia kati ya hao tu au mnafanyaje? Liandikeni nalo.

MamaVitenge

Narudi kuwapa mrejesho, na asanteni sana.

Niliwaeleza wenzangu habari ya msiba, nikatoka nje. Wote wanne wakakubali kufungua upya mpaka Jumatatu saa kumi kamili jioni, maneno yale yale ubaoni na kwenye simu. Ziliingia fomu mbili zaidi, moja ya binti wa mitumba ambaye kweli alisoma ubaoni akakata tamaa. Wagombea sasa ni wanane. Mdhamini mmoja alikuwa amesaini fomu mbili. Masharti yetu hayakatazi, kwa hiyo hatukuyabuni leo, zote mbili zimepita. Mmoja ana mkopo uliochelewa miezi minne, tumemwandikia barua na kumwonyesha kifungu. Ni mjumbe wa bodi. Wamebaki saba.

Bodi tumeijibu kwa barua, nakala kwa Afisa Ushirika, naye amethibitisha kuwepo siku hiyo. Wakifungana, kura inarudiwa kati yao kabla chakula hakijagawiwa. Mhuri atakaa nao fundi cherehani wa kibanda cha pili, hana ndugu kwenye orodha.

Jana tumebandika karatasi ya mfano kwenye ukuta wa ofisi, picha saba, neno MFANO limepita katikati ili isije ikaingia sandukuni. Mama wa dagaa alipita na beseni lake. Akaliweka chini, akagusa picha moja baada ya nyingine, akataja majina yote saba. Kisha akaniuliza wino utakuwepo. Nikamwambia utakuwepo, nimeshaununua.